Vikombe vya Bati Juu ya Chupa za Maziwa

Mpendwa Mama,

Leo ni Alhamisi, siku ya maziwa. Nimekaa jikoni hapa DeSoto, pembeni ya Dallas, Neema yuko sakafuni anapanga na kupangua vifuniko vya sufuria, na mbele yangu mezani kuna kifuniko kimoja kidogo cha foili, kile cha mdomo wa chupa, kimetobolewa matundu matatu. Hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Ilinipasa kukuandikia ukiwa hai, lakini ukiwa hai nilikuwa na mdomo tu.

Barua hii naiandika wazi. Wataisoma akina mama wa kikundi chetu cha Watanzania hapa Dallas, ataisoma wifi yangu Anande huko Marangu, na atakayetaka kumtumia mwingine amtumie. Nilikusema mbele za watu, kwa hiyo siwezi kukuomba radhi chumbani peke yangu. Na kwa kuwa wengi walisikia upande wangu tu, nitaanza mwanzo kabisa, hata yale unayoyajua.

Ulikuja mwezi wa pili, siku kumi kabla Neema hajazaliwa. Kwenu mzazi hakai peke yake. Mama mkwe huja, huchemsha mtori wa ndizi na nyama, humkanda mzazi kwa maji ya moto, humnywesha maziwa yenye malai mpaka mashavu yajae, na miezi mitatu mzazi hashiki ufagio. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia chai ya rangi, na nilikuwa nimemwambia mwanao kwamba huo utaratibu wa Kichaga tuuache hukohuko mlimani. Alicheka, akasema hakuna mtu anayemkataza mama yake kumwona mjukuu. Ukaja na sanduku la nguo na begi zito la vyombo, kana kwamba Texas haina vyombo. Ndani mlikuwa na vikombe viwili vya bati, kimoja bluu na kimoja kijani, na chini ya kila kimoja ulikuwa umepaka nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Nilikuuliza nani atakuibia kikombe Marekani. Ulisema chombo kisicho na alama, siku ya msiba au harusi, hurudi nyumbani na mtu mwingine.

Maziwa ya galoni uliyaonja mara moja. Uliweka glasi chini taratibu, ukauliza kama kuna mtu ameoshea chombo humo. Baba Neema alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akatafuta mpaka akapata shamba dogo kusini kwetu linalopeleka maziwa majumbani kwa chupa za kioo, mdomoni kifuniko cha foili, malai yamekaa juu. Chupa mbili kila Alhamisi, kabla jua halijachomoza. Shamba lilituletea na sanduku jeupe la kuyahifadhi barazani. Uliligonga kwa kidole, ukasema maziwa hayawekwi kwenye jeneza, ukalijaza udongo na kupanda mchicha. Ndiyo maana chupa zilibaki wazi kizingitini.

Na wale ndege wakaziona. Walioko hapa wanawajua: weusi, wanang'aa, mikia mirefu, macho ya njano, wanaojaa kwenye nyaya za umeme na maegesho ya maduka wakipiga kelele za bawaba isiyotiwa mafuta. Wewe ulikuwa unawatazama dirishani wakitembea huku na huku kwenye majani, vifua mbele, ukawaita wachungaji, kwa sababu ya kanzu zao nyeusi. Ulikuwa unaniita, "Mama Neema, njoo uone, wachungaji wameanza ibada." Nilikuwa nakuja, na tulikuwa tunacheka pamoja, wewe Mlutheri wa kuzaliwa na mimi niliyebatizwa siku ya kuolewa na mwanao.

Kulikuwa na siku nilizokupenda, Mama. Sitaki mtu adhani hazikuwepo. Ulinikanda mgongo kwa taulo la moto na kunifunga tumbo kwa kanga mpaka nikashindwa kucheka, na ulipoona nalia bila sababu hukuniuliza sababu. Mwanao alikuwa barabarani siku tano kati ya saba na lori lake. Nyumba nzima tulikuwa wewe, mimi na mtoto.

Halafu nikaanza kuona maziwa yanapungua. Wewe ndiye uliyekuwa unaamka kwanza na kuyaingiza ndani, mimi nayakuta kwenye friji. Chupa moja imejaa, ya pili imepungua kidole kizima, foili imechanika. Nilikuuliza. Ulisema umeikuta hivyo nje, ni ndege. Alhamisi iliyofuata, vilevile. Nikaanza kupima kwa macho kila chupa kabla sijakusalimia.

Wakati huo Neema alikuwa haongezeki uzito. Maziwa yangu yalikuwa machache, na kila nikimnyonyesha ulikuwa unamtazama yeye, unanitazama mimi, unashusha pumzi. Ile pumzi iliniuma kuliko mshono. Na kwenye kikundi akina mama walikuwa wameshanionya: bibi wakija kutoka nyumbani, chunga, wanampa mtoto mchanga maziwa ya ng'ombe kwa siri, wanampa uji, wanasema hata baba yake alikua hivyo. Nikaunganisha moja na moja mwenyewe, wala sikumwuliza mtu jumla yake.

Alipotimiza wiki kumi, Neema akaharisha. Siku mbili, macho yakaingia ndani. Tulimkimbiza kliniki, mimi naendesha, wewe nyuma umeushika mguu wake. Daktari aliuliza kama mtoto amepewa kitu chochote zaidi ya ziwa la mama. Nilikugeukia palepale, mbele yake na mbele ya muuguzi, nikakuuliza kwa sauti.

"Mama, umempa mtoto yale maziwa?"

"Sijampa."

"Sasa yanakwenda wapi?"

"Ni ndege, mwanangu."

Nilicheka. Nikamgeukia daktari nikamwambia kwa Kiingereza, anasema ni ndege. Daktari hakucheka. Wewe Kiingereza hukukijua, lakini kicheko hakihitaji mkalimani, na nilikuona ukivuta kanga yako mabegani ingawa mle ndani hamkuwa na baridi. Neno la ndege hukulirudia tena.

Tuliporudi, njia nzima ulikaa pembeni ya kiti cha mtoto na mikono yako mapajani. Na tangu siku hiyo, Mama, ukawa unaniomba ruhusa. "Mama Neema, naweza kumbeba?" Wewe uliyesafiri siku mbili angani kuja kumbeba. Nami nilikuwa najibu, "Mbebe," kama mwenye duka.

Jioni ileile niliandika kwenye kikundi. Niliandika kwamba mama mkwe wangu amempa mtoto wangu maziwa ya ng'ombe mpaka akaumwa, na nilipomuuliza amesingizia ndege. Nikamalizia na methali: kikulacho ki nguoni mwako. Wengine walinipa pole, wengine wakaweka vicheko, mmoja akauliza, "Dada, ume-confirm lakini?" Huyo nilimnunia mwezi mzima. Haikupita siku mbili habari ilikuwa imefika Marangu, maana kila mmoja wetu ana dada, na dada ana shoga.

Sasa naandika lile ambalo sijamwambia mtu. Siku ya tatu daktari alipiga simu. Majibu yalikuwa yametoka: ni kirusi cha tumbo, watoto wanaambukizana, labda alikipata kanisani. Hakikuwa na uhusiano wowote na maziwa. Wewe ulikuwa umesimama kwenye sinki, umezima bomba ili usikie. Uliniuliza, "Amesemaje?" Nikajibu, "Anasema anaendelea vizuri." Ukamshukuru Mungu, ukafungua bomba. Kama ningefungua mdomo dakika ile, haya mengine yote yasingekuwepo. Lakini nilikuwa nimeshawaandikia watu, na niliona aibu.

Alhamisi iliyofuata uliamka kabla ya wote ukamsubiri mzee anayetuletea maziwa kutoka shambani. Sijui mlielewanaje. Nilichoona ni kwamba tangu siku hiyo kila Jumatano jioni uliweka vile vikombe viwili kizingitini pamoja na chupa tupu, na asubuhi chupa zilizojaa zilikuwa zimevikwa vikombe kichwani, kimoja bluu, kimoja kijani. Maziwa hayakupungua tena hata tone. Mtu mwenye akili angesema, kumbe kweli walikuwa ndege. Mimi nilimwambia mwanao kwenye simu, "Umeona? Amejua amegundulika, ameacha." Akasema, "Basi yaishe." Akakuamini nusu, na ile nusu nyingine niliichukua mimi.

Kila nikivitazama vile vikombe niliona vinanisuta. Wiki mbili nilivumilia, ya tatu nikavitoa nikavifungia kabati la juu. Nilikuambia, "Mama, maigizo yatosha." Alhamisi iliyofuata niliamka nikaona mgongo wako kwenye kioo cha mlango. Ulikuwa umekalia kile kistuli cha plastiki cha bafuni, umejifunga kanga, umevaa shati la Baba Neema, unalinda chupa. Yule mzee alikuwa ameshapita na jua lilikuwa bado. Ulikaa hivyo kila Alhamisi mpaka ulipoondoka, Alhamisi tisa, na kila mara nilisimama nyuma ya kioo na kikombe changu cha chai, nikiuangalia mgongo wako. Sikufungua mlango hata siku moja.

Wiki ya mwisho uliniomba vikombe vyako nikakupa. Nilikuona kwa macho yangu ukivifunga ndani ya kanga. Uwanja wa ndege uliniomba ruhusa ukamshika Neema, ukamnusa shingoni, ukanirudishia. Nilitegemea utanisema, nilikuwa nimejiandaa hata majibu. Ulisema tu, "Maziwa uyafunike." Nilidhani unanipiga kijembe. Wiki ileile nikalisimamisha shamba, wasilete tena.

Ulikaa nyumbani miezi mitatu tu, presha ikakuchukua. Mwanao alisafiri. Mimi makaratasi yangu yalikuwa bado uhamiaji, kutoka nchini ningeyaharibu, kwa hiyo nilikuzika kwenye simu nimesimama hapahapa jikoni, picha inakwama kila jeneza linapoinuliwa. Aliporudi alikaa siku nzima bila kuvua koti. Halafu akaniambia kwamba pale kaburini, nyuma yake, kulikuwa na kina mama wawili, na mmoja alikuwa anamweleza mwenziwe marehemu ni yupi: yule aliyemtia mjukuu wake ugonjwa Marekani. Alisema, "Sikugeuka. Ningewajibu nini?" Alilia. Nami, Mama, niliinuka nikampakulia chakula.

Mwezi wa tatu mwaka huu Neema ametimiza mwaka. Daktari alisema sasa anaweza kunywa maziwa ya ng'ombe. Nililiandikia shamba lilelile, sijui kwa nini lilelile. Alhamisi ya kwanza niliamka saa moja, nikafungua mlango, na chupa mbili zilikuwa kizingitini zimefunikwa. Kikombe bluu. Kikombe kijani.

Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, Mama. Watu wanakata roho nimewashika mkono, nawafunga macho, narudi nyumbani nakula. Lakini vile vikombe nilishindwa kuvigusa. Nilichutama nikainamisha shingo mpaka nikaona chini ya kile cha bluu, na nukta nyekundu ilikuwepo. Nilimpigia Baba Neema, alikuwa Houston anashusha mzigo.

"Vikombe vya Mama viko mlangoni."

"Vikombe vipi? Si alirudi navyo?"

"Nakwambia viko hapa, juu ya chupa."

"Hebu omba kwanza. Nita-call nikimaliza hapa."

Aliponipigia hakuvitaja, nami sikuvitaja. Nilikuwa nimevishika kwa taulo, nikaingiza chupa, nikaviacha palepale nje vimelala ubavu. Alhamisi ya pili vilikuwa juu ya chupa. Ya tatu pia. Nikaanza kusikia kitu kinagonga alfajiri, tok, tok, tok, nikiamka kimenyamaza. Kile kistuli sijawahi kukitoa barazani, na sasa nilishindwa kupita karibu yake. Siku moja Neema alitambaa mpaka mlangoni akakaa ameelekea kioo, ametulia, amenipa mgongo. Nilimwita mara tatu ndipo akageuka. Nilijua umekuja kudai, na nilijua unachodai. Kila Alhamisi nilisema leo nitamwambia mwanao kuhusu ile simu ya daktari, na kila Alhamisi nikaona aibu kama ile ya kwanza, imeongezeka uzito tu.

Jumatano ya tano nilijikaza. Nilivichukua vikombe kwa taulo, nikavifungia kabati la juu, ufunguo nikauvaa shingoni. Nilijiambia, vikitoka humo, basi nimejua. Na Alhamisi nilikaa nyuma ya pazia kabla hakujapambazuka.

Gari la maziwa lilisimama barabarani. Akashuka yule mzee, Dale, Mmarekani mrefu mwenye kofia, ambaye katika miezi yote ile sikuwahi kumpa hata salamu. Aliweka chupa mbili. Kisha akaanza kutafuta. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akainua zulia la mlango, akachungulia ndani ya lile sanduku jeupe lenye mashina makavu ya mchicha wako. Alisimama amejishika kiuno, halafu akarudi garini akaingiza kichwa, anapekua. Nikaelewa. Machozi yalinitoka kabla hata sijajua ni ya nini, nafuu au fedheha.

Na wakati yeye anapekua garini, mchungaji mmoja alishuka. Alitua kwenye kistuli chako, akarukia kizingiti, akaizunguka chupa mara moja kifua mbele. Kisha akagonga. Tok, tok, tok. Foili ikatoboka. Akazamisha mdomo, akainua kichwa, akameza, akazamisha tena. Alikuwa umbali wa mkono wangu, Mama, kioo tu katikati yetu. Niliona malai kwenye mdomo wake. Akaja na wa pili, na maziwa yakashuka mbele ya macho yangu mpaka yakafika pale yalipokuwa yakifika siku zote, kidole kizima.

Dale alirudi mbio akawafukuza. Mkononi alikuwa na kikombe chake cha kahawa. Aliimwaga kahawa kwenye majani, akakipangusa kwa shati, akakifunika kwenye chupa iliyotobolewa. Ya pili alikosa cha kuifunikia, akaitazama, akavua kofia yake akaivisha. Hapo ndipo nilipofungua mlango.

Aliniomba radhi yeye. Alisema hajaviona vikombe vya mama yangu, alidhani labda yeye ndiye amevipoteza. Nilimuuliza vilimfikiaje. Akasema Alhamisi ya mwisho, kabla hatujasimamisha maziwa, ulivitia mikononi mwake. Uliionyesha chupa, ukaionyesha nyumba, ukafanya mikono kama unayebembeleza mtoto. Alielewa kwamba ni kwa ajili ya mama na mtoto waliomo ndani. Tulipokatisha alivitunza garini, miezi saba, chini ya kiti chake, na alipoona anwani yetu imerudi kwenye orodha alifurahi. "Alinifundisha na neno," akasema, na akalitamka kwa ulimi wake mzito, polepole: "Funika."

Kisha akauliza kama umerudi.

Nilimwambia. Alipeleka mkono kichwani kuvua kofia, akakuta haipo, iko juu ya chupa, basi akasimama tu na upara wake kwenye baridi. Ndege wakaanza kurudi uani, akawatazama. Halafu akasema jambo ambalo hakujua uzito wake.

"Nilimuuliza kwa ishara kwa nini anakaa nje kila wiki, mtu mzima kama yule, alfajiri yote ile. Akanionyesha ndege. Akanionyesha chupa. Kisha akajigusa kifuani, akatikisa kichwa hivi." Alijigusa kifuani, akatikisa kichwa. "Ndege, si mimi. Nikamwambia najua, mama, nawaona njia nzima. Sidhani alinielewa maneno, lakini alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili."

Kumbe katika nchi hii nzima mtu mmoja alikuamini, na hakujua hata neno moja la lugha yako zaidi ya funika. Mimi niliyejua kila neno ulilosema nilikuwa nyuma ya kioo na chai yangu.

Mwanao alirudi Jumamosi. Nilimwekea kile kifuniko chenye matundu mezani nikamweleza yote, ndege, Dale, kikundi, na mwisho ile simu ya daktari. Hiyo ya mwisho ilinichukua muda, nilikwama mara mbili. Nilitegemea atapiga kelele. Aliinuka akatoka nje akakaa kwenye kistuli chako, akanipa mgongo, na niliogopa kumfuata. Alikaa mpaka chai ikapoa. Aliporudi hakunitazama. Alisema, "Mimi ni mwanae, na sikumuuliza hata mara moja." Baadaye sana, wakati nafua nguo za Neema, akaja akasimama mlangoni. "Uliwa-text wote," akasema. "Sasa waandikie wote." Tangu hapo tunaongea ya nyumba na ya mtoto. Mengine yanakuja polepole, na sina haki ya kuyaharakisha.

Basi ndugu zangu wa kikundi, someni: mama mkwe wangu hakumpa mtoto wangu kitu. Mtoto aliugua kirusi, nikajulishwa siku ya tatu, nikanyamaza. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako, na kumbe mdudu nilikuwa mimi. Wifi yangu Anande, siku mtakapoweka msalaba kaburini nakuomba uisome barua hii kwa sauti, na uhakikishe wale kina mama wawili wapo. Hicho kifuniko ninakitia kwenye bahasha. Kipitishe mkono kwa mkono, kila mtu atie kidole kwenye matundu.

Mama, majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu nimemwona ana mwaka mmoja na mwezi anapanga vifuniko vya sufuria sakafuni. Jina lako ndilo alama uliyokuwa nayo, na mimi ndiye niliyeifuta. Naipaka tena kwa mkono huu. Kama haitoshi, nitarudia kila nitakapoulizwa na hata nisipoulizwa. Nisamehe. Nakuomba kama ulivyokuwa ukiniomba mimi umshike mjukuu wako, nimesimama, mikono nimeiteremsha.

Jana jioni niliweka vikombe vyako kizingitini kwa mkono mtupu, bila taulo. Leo alfajiri nikasikia tena, tok, tok, tok, lakini mlio wake haukuwa ule wa foili, ulikuwa wa bati. Zamani ningejifunika shuka. Niliinuka nikaenda moja kwa moja nikafungua ule mlango ambao sikuwahi kukufungulia. Mchungaji alikuwa juu ya kikombe cha bluu, anagonga, hapati kitu. Aliniona akaruka. Kistuli kilikuwa kitupu, kina umande. Nilikaa juu yake nikalinda maziwa mpaka jua likatoka.

Pumzika, Mama. Walikuwa ndege.

Mkaza mwanao,
Mama Neema